Kujiona Hujakua vya Kutosha kwa Utu Uzima na Ulezi: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu ambaye umri wake umeshafika lakini moyo wake haujakubali. Anakwenda kazini, analipa kodi ya nyumba, pengine ana mwenzi, na bado kila linapotokea jambo zito hutazama huku na huku akimtafuta mkubwa wa kulishughulikia. Wazo la kuwa mzazi humtisha zaidi, kwa kuwa hajui atamleaje mtu mwingine ilhali yeye mwenyewe anahisi bado analelewa.

Wengi hujaribu kutoka katika hali hii na hushindwa kwa namna mbili zilezile. Wa kwanza husubiri wajihisi wamekua ndipo waanze kubeba mambo, na miaka hupita. Wa pili huamua kubadilisha kila kitu kwa mkupuo mmoja, wakapanga bajeti mpya, ratiba mpya na nidhamu mpya, kisha baada ya wiki chache wanarudi palepale wakiwa na ushahidi mpya dhidi yao wenyewe. Makundi yote mawili yamepindua mpangilio. Hisia ya kuwa mtu mzima haitangulii majukumu; huyafuata, tena huchelewa. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zinaanza na vitendo vidogo vyenye ushahidi, na hisia zinaachwa zije kwa wakati wake.

## Mahitaji

Andaa vitu hivi kabla ya kuanza, kwa sababu kukosekana kwa kimoja hukupa kisingizio cha kuahirisha.

- Daftari moja la karatasi, litakalotumika kwa kazi hii tu.
- Kalenda unayoitazama kila siku, iwe ya ukutani au ya simu.
- Nyaraka zako zote muhimu mahali pamoja: vitambulisho, vyeti, mikataba, taarifa za benki, kadi za hospitali.
- Mtu mmoja aliyekuzidi umri au uzoefu, asiyeogopa kukwambia ukweli na asiyependa kukudharau. Asiwe mzazi wako. Sababu utaiona katika hatua ya 4.
- Familia yenye mtoto mdogo, ya ndugu au rafiki, iliyo tayari kukukaribisha.
- Miezi mitatu, na saa moja ya utulivu kila wiki isiyoguswa na jambo lingine.

## Angalia kwanza mambo mawili

Kama hisia ya kutoweza imeandamana na kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kupoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, au kuona maisha hayana maana, na hali hiyo imedumu wiki mbili au zaidi, huenda unachokiita utoto ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Nenda kwa mhudumu wa afya kabla ya kuendelea. Kama una mawazo ya kujidhuru, nenda leo, au mwambie mtu aliye karibu nawe akupeleke.

Kama wewe au mwenzi wako tayari ni mjamzito, usifuate hatua hizi kwa mpangilio wake. Anza na kliniki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio ya kwanza yawe ndani ya wiki 12 za mwanzo na jumla yasipungue manane. Kisha soma hatua ya 6 na ya 7, na zile nyingine uzifanye sambamba kadiri nafasi itakavyoruhusu.

## Hatua ya 1: Igeuze hukumu iwe orodha ya vitendo

Kauli ya kwamba hujakua haifanyiwi kazi, kwa sababu ni hukumu na haitaji kitu mahususi. Gawa ukurasa wa daftari sehemu mbili. Upande wa kushoto andika kila jambo linalokufanya ujione mdogo. Upande wa kulia andika upya jambo hilohilo kama kitendo ambacho mtu mwingine anaweza kukuona ukikifanya au usikifanye.

"Sijui mambo ya fedha" inakuwa "sijawahi kuandika ninachotumia kwa mwezi mzima." "Bado ni mtoto wa mama" inakuwa "sijawahi kwenda hospitali bila kumpigia mama simu kwanza." "Sitaweza kulea" inakuwa "sijawahi kumbadilisha mtoto nepi, na sijui afanyweje akipandwa na homa." Tazama jinsi upande wa kulia usivyotisha kama wa kushoto, ingawa mambo ni yaleyale.

Kuna sababu nzito ya kutenganisha hisia na uwezo. Mwaka 1978, wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes walieleza hali ya watu wenye mafanikio ya wazi ambao hata hivyo waliamini kwamba wamewahadaa wengine na kwamba siku moja wangeumbuliwa. Vyeti na sifa havikuiondoa imani hiyo. Hisia ya kutostahili, basi, ni kipimo kibovu cha uwezo, na mtu anayeisubiri itoke ndipo afanye jambo huenda akaisubiri maisha yake yote.

Ongeza pia suala la umri. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga, kupima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kupevuka hadi katikati ya miaka ya ishirini. Mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipendekeza mwaka 2000 kwamba kipindi cha kuanzia miaka 18 hadi 25 kitazamwe kama hatua ya pekee ya maisha, ambayo wengi walio ndani yake husema kwamba kwa upande mmoja ni watu wazima na kwa upande mwingine bado. Ikiwa una miaka 22 na unahisi uko njia panda, hakuna kilichoharibika. Ikiwa una miaka 38 na unahisi hivyohivyo, orodha yako itakuwa na mambo tofauti, lakini njia ya kuyashughulikia ni ileile.

Tahadhari: usiandike jambo lisilokuhusu kwa sababu tu wengine wa rika lako wanalo. Kumiliki nyumba, kuoa, kuolewa na kuwa na gari ni mambo ya mali, nafasi na bahati, na wapo waliokuwa navyo vyote bila kukua.

Umefanikiwa ukiwa na orodha ya vitendo kati ya kumi na ishirini, na kila kimoja kinaanza na kitenzi.

## Hatua ya 2: Maliza viporo

Usianze na tabia mpya. Anza na yale uliyoyakwepa: deni ambalo halijazungumzwa, barua isiyofunguliwa, jino linalouma, kitambulisho kilichokwisha muda, ujumbe ambao hukuujibu hadi ikawa aibu kuujibu. Viporo ndivyo vinavyolisha hisia ya utoto kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa kila siku ndani yako kuna mtu anayejua kwamba umejificha.

Chukua kimoja tu, kile unachokiogopa kwa kiasi cha kati. Tuseme ni barua ya deni. Ifungue ukiwa umekaa mezani, uisome hadi mwisho pamoja na maandishi madogo, kisha upigie mstari mambo matatu: wanataka nini, kabla ya tarehe gani, na nani wa kuulizwa. Kabla ya kupiga simu, andika kwenye daftari maneno utakayoyatamka: "Habari za asubuhi. Nimepokea barua yenu kuhusu deni langu. Siwezi kulilipa lote kwa mara moja. Naomba tupange malipo ya awamu." Piga simu ukiwa umeyashika maneno hayo mkononi. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema, "Sina jibu hilo hapa nilipo, nitakupigia kesho saa nne," halafu kesho saa nne upige.

Zingatia hiyo simu ya pili. Ya kwanza wengi huiweza kwa msukumo wa hofu. Ya pili hakuna anayekusukuma isipokuwa neno lako mwenyewe, na ndiyo inayokujengea kitu. Andika kwenye daftari jina la uliyezungumza naye, tarehe na mlichokubaliana.

Fanya kiporo kimoja kwa wiki. Ukijaribu kumaliza vitano kwa siku moja utachoka, na uchovu utaupa woga wako hoja. Wala usimpe mtu mwingine akusaidie kwa kukifanya badala yako. Mtu anaweza kukaa kando yako unapopiga simu, ila simu iwe yako.

Dalili ya mafanikio katika hatua hii ni ya ajabu kidogo: hutajiona shujaa, utajiona mjinga kwa kuwa ulichokuwa ukikiogopa kwa miezi kimekwisha ndani ya dakika kumi. Vumilia hisia hiyo ya aibu. Ni mpito, na wiki inayofuata kiporo kinachokuja huwa kifupi.

## Hatua ya 3: Beba jukumu moja ambalo mwingine analitegemea

Viporo huisha, lakini utu uzima una mambo yasiyoisha. Chagua jukumu moja la kudumu ambalo usipolifanya kuna mtu atakayeathirika: kumpeleka mzee kliniki kila mwezi, kulipa umeme wa nyumba nzima, kumfundisha mdogo wako hesabu kila Jumamosi, kupika usiku kwa wote mnaoishi pamoja. Liwe dogo, liwe na siku na saa, na mhusika ajue kwamba wewe ndiye mwenye nalo.

Jambo la kufanya kwa ajili yako peke yako, kama mazoezi ya viungo, lina faida zake, lakini halitoshi hapa. Ulezi ni kutegemewa. Mtu huzoea kutegemewa kwa kutegemewa.

Usitarajie uzoefu ujengeke haraka. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2009, uliwafuatilia watu waliokuwa wakijenga mazoea mapya ya kila siku. Ilichukua wastani wa siku 66 kitendo kuanza kufanyika bila kujilazimisha, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Ilionekana pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mwenendo mzima. Kwa hiyo ukikosa Jumamosi moja, mwombe radhi mdogo wako, umwambie mtakutana lini, kisha uendelee. Wengi huanguka baada ya kosa lenyewe, pale wanapolifanya kuwa ushahidi kwamba hawakuumbiwa mambo haya.

Kuhusu fedha, nitasema machache kwa sababu miongozo yake ni mingi. Andika kila unachotumia kwa siku 30 bila kujaribu kupunguza. Mwezi wa pili, tenga akiba ya dharura kabla ya matumizi mengine, hata kama ni kidogo mno. Wako wanaojifariji kwamba mtoto huja na sahani yake. Mimi naamini ni vyema mtoto akute sahani hiyo imeshafikiriwa.

## Hatua ya 4: Omba ushauri, usiombe ruhusa

Hapa ndipo waliofanya vizuri hatua tatu za mwanzo hukwama. Mtu analipa madeni yake na kubeba majukumu, lakini hawezi kuamua lolote kubwa bila wazazi kulibariki, na wakinuna analiacha. Mtu wa namna hii akizaa, mara nyingi anayelea kwa hakika ni bibi, na yeye anabaki kaka au dada wa mtoto wake.

Chagua uamuzi mmoja wa kati unaokuhusu wewe: kubadili kazi, kuhama nyumba, kuanza masomo. Kusanya taarifa, mshirikishe yule mtu uliyemweka katika mahitaji, fikia uamuzi, uuandike pamoja na sababu zake. Ndipo uende kwa mzazi. Utofauti uko katika namna ya kusema. Badala ya "Mama, unaonaje nikihama?" sema, "Mama, nimeamua kuhama mwisho wa mwezi ujao. Wewe umewahi kuhama mara nyingi. Naomba unielekeze mambo ya kuangalia kabla sijasaini mkataba." Heshima imebaki palepale, pengine imeongezeka, kwa kuwa umemwomba kitu anachokijua kweli.

Huenda akakasirika. Huenda akanyamaza, na kimya ni kigumu kuliko maneno. Usijitetee kwa hotuba ndefu na usijibu kwa ukali. Sema, "Nimekuelewa, mama, na nitalifikiria hilo," kisha ulifikirie kweli. Likiwa na uzito, rekebisha uamuzi wako kwa hiari yako. Likiwa ni hofu tu ya kukupoteza, endelea na mpango na umpigie simu ya kumjulia hali kama kawaida, siku ileile unayompigiaga. Kumkatia mzazi mawasiliano ili uthibitishe kwamba umekua hakujengi kitu, isipokuwa pale ambapo uhusiano wenyewe una ukatili na unahitaji umbali kwa usalama wako.

Utajua umefaulu pale utakapoweza kuona mzazi hajafurahi, ukaumia kwa hilo, na bado ukasimama na uamuzi wako.

## Hatua ya 5: Simulia upya malezi yako mwenyewe

Katikati ya miaka ya 1980, Mary Main na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwahoji wazazi kuhusu utoto wao, kisha wakalinganisha majibu na jinsi watoto wao walivyoshikamana nao. Kilichoonyesha uhusiano zaidi na usalama wa mtoto kilikuwa namna mzazi anavyosimulia: kama habari zake zinashikana, kama anaweza kueleza mazuri na maumivu bila kuyakana na bila kuzama ndani yake. Utoto mgumu peke yake haukumfunga mtu. Walikuwepo waliopitia makubwa, wakayatafakari, na wakalea watoto waliojisikia salama.

Hii ni habari njema kwa anayeogopa kwamba atarudia aliyotendewa, na inatupa kazi ya kufanya. Katika saa yako ya wiki, andika maneno matano yanayoeleza uhusiano wako na mama ulipokuwa mdogo, na mengine matano kwa baba au yeyote aliyekulea. Kisha kwa kila neno andika tukio moja mahususi linalolithibitisha. Kama umeandika "mpole" na huna tukio hata moja, simama hapo. Kama umeandika "mkali" na matukio yanamwagika ukurasa mzima, simama hapo pia. Sehemu hizo mbili ndizo zinazohitaji kutazamwa polepole.

Malizia kwa orodha mbili fupi: mambo nitakayoyaendeleza, na mambo yatakayoishia kwangu. Kila lililo katika orodha ya pili liwe na mbadala wake. Kuandika "sitampiga mtoto" bila kuandika utakachofanya mtoto atakapokataa kwa mara ya nne kuvaa viatu na wewe umeshachelewa ni kujiachia shimo, na ndani ya shimo hilo mkono hurudi kwenye ulichokiona nyumbani.

Tahadhari: kama kuna kumbukumbu za kupigwa vibaya, kunajisiwa au kutelekezwa, usizifungue peke yako usiku. Zipeleke kwa mshauri nasaha au mwanasaikolojia. Dalili kwamba umezigusa mapema mno ni ndoto mbaya, mwili kutetemeka au kujihisi uko mbali na mwili wako. Ukiona hivyo, funga daftari na utafute mtu wa kukusindikiza.

## Hatua ya 6: Mjue mtoto halisi

Hofu ya ulezi hukua kwa kuwa mtoto aliye akilini mwako hana uso. Nenda kwa ile familia uliyoiweka katika mahitaji, uombe kukaa na mtoto wao mchanga kwa saa nne mfululizo, mzazi wake akiwa karibu lakini haingilii. Rudia mara kadhaa, angalau mara moja iwe usiku.

Mwanzo utapita vizuri. Kisha atalia. Utaangalia nepi utaikuta kavu. Utampa chupa ataigeuzia uso. Utambeba begani, utembee naye kutoka dirishani hadi mlangoni, na jasho litaanza kukutoka mgongoni pale kilio kitakapopanda badala ya kushuka. Ndani yako sauti itasema, "Mwite mama yake." Usimwite bado. Pita kwenye orodha kwa utulivu: njaa, nepi, hewa tumboni, joto au baridi, usingizi, ugonjwa. Mweke wima umpapase mgongo hadi acheue. Mpunguzie nguo. Punguza mwanga. Wakati mwingine atanyamaza, na hutajua ni kipi kilichofanya kazi. Wakati mwingine hatanyamaza, na utakuwa umejifunza kwamba unaweza kukaa na mtoto anayelia bila kukimbia na bila kumkasirikia. Jambo hili la pili ndilo nililokupeleka ukalitafute.

Pamoja na mazoezi hayo, jifunze mambo yafuatayo hadi uyaseme bila kutazama:

- Mtoto mchanga hulazwa chali, kila mara, kwenye godoro gumu na tambarare lisilo na mito wala mablanketi mazito.
- Katika wiki za mwanzo hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Maziwa ya mama pekee yanapendekezwa kwa miezi 6 ya kwanza.
- Kilio huongezeka kuanzia wiki ya pili hivi, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, na hupungua kufikia miezi mitatu au minne. Kuijua ratiba hii kumewaokoa wazazi wengi wasiamini kwamba wameharibu mtoto.
- Ukizidiwa na hasira, mlaze kitandani mwake salama, toka chumbani dakika chache, pumua, kisha urudi. Usimtikise kamwe, kumtikisa kunaweza kumvujisha damu ubongoni na kumuua.
- Joto la nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi mitatu ni dharura. Mpeleke hospitali bila kusubiri asubuhi. Vivyo hivyo kama amekataa kunyonya, anapumua kwa shida au amelegea.
- Hapewi asali kabla ya kutimiza miezi 12, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vya sumu ya botulizimu ambavyo utumbo wake hauwezi kuvizuia.

Baada ya kila zamu, andika ulichokifanya vibaya na jinsi ulivyokirekebisha. Hiyo sehemu ya kurekebisha usiiache. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliandika mwaka 1953 kuhusu mama anayetosha, yule ambaye mwanzoni hujilinganisha karibu kabisa na mahitaji ya mtoto, kisha taratibu hupunguza kadiri mtoto anavyoweza kuvumilia. Baadaye mwanasaikolojia Edward Tronick alipochunguza kwa makini nyuso na miondoko ya mama na mtoto, aliona kwamba hata katika uhusiano mzuri wawili hao hupatana kwa takriban asilimia 30 tu ya muda. Muda uliobaki huwa wanapishana na kutafutana upya, na katika kule kutafutana upya mtoto hujifunza kwamba mambo yakiharibika yanatengenezeka.

Ninalisisitiza hili kwa kuwa naamini ndilo linalowatesa zaidi wanaojiona wadogo: wanadhani mzazi ni mtu asiyekosea, na kwa kuwa wanajua watakosea, wanajitoa mapema. Mtoto wa miaka mitatu aliyekaripiwa bila haki anahitaji mtu apige magoti hadi macho yakutane naye, aseme, "Nimekupigia kelele. Halikuwa kosa lako, nilikuwa nimechoka. Samahani." Anayeweza kusema maneno hayo bila kuongeza "lakini na wewe" ana uwezo ambao wazazi wengi wenye umri mkubwa hawanao. Jizoeze kwa watu wazima kwanza; mwenzi wako, mfanyakazi mwenzako, mdogo wako.

## Hatua ya 7: Zungumza na mwenzi kwa maswali yenye ncha

Mazungumzo ya "unataka watoto wangapi?" hayatoshi. Kaeni chini, simu zikiwa mbali, mjibu kila mmoja kwa maandishi kabla ya kusomeana. Nani ataamka usiku mwingine akiwa na kazi asubuhi? Nani atapunguza kazi, kwa muda gani, na hasara ya kipato tutaigawanaje? Mtoto akizaliwa na ulemavu, tutaishije? Wazazi wetu watakuwa na sauti kiasi gani? Tutamwadhibu vipi? Tukitengana, atalelewa na nani?

Mkikuta tofauti, msikimbilie kuimaliza usiku huohuo. Tofauti iliyoandikwa na kurudiwa wiki ijayo ni salama kuliko makubaliano yaliyopatikana kwa uchovu. Kama unapanga kulea peke yako, maswali ni hayohayo, ila kila "nani" ijibiwe kwa jina la mtu ambaye umeshamwomba na amekubali.

Liwe wazi pia kwamba jibu la hatua hii linaweza kuwa kusubiri, au kutozaa kabisa. Huo ni uamuzi wa mtu mzima, na haupungui hadhi mbele ya ule wa kuzaa.

Mkikubaliana kuanza kutafuta mtoto, mwanamke aanze kumeza asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, ikiwezekana mwezi mmoja au zaidi kabla ya mimba, hadi wiki ya 12 ya ujauzito. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ana mimba. Mwenye kisukari, kifafa, au aliyewahi kupata mtoto mwenye kasoro ya mgongo amwone daktari kwanza, kwa kuwa huenda akahitaji kipimo kikubwa zaidi.

Na mkubaliane mapema juu ya jambo hili: huzuni nyepesi na machozi ya siku za mwanzo baada ya kujifungua huwa yanaisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, au mama akihisi hampendi mtoto, hafai, au heri asingekuwepo, hiyo ni sonona baada ya kujifungua na ina tiba. Akina baba nao huipata. Andikeni kwenye daftari ni nani atakayempeleka mwenzake hospitali bila kubishana.

## Hatua ya 8: Pima baada ya miezi mitatu

Rudi kwenye orodha ya hatua ya 1. Weka alama kwa kila kitendo ulichokifanya angalau mara mbili, kisha umpe daftari yule mtu wa kukwambia ukweli alitazame. Usijiulize kama unajihisi mtu mzima, uliza ni vitendo vingapi vimehama kutoka "sijawahi" kwenda "nafanya."

Kama zaidi ya nusu vimehama na hisia bado ni ileile, uko mahali sahihi. Endelea na jukumu la hatua ya 3 na uongeze la pili. Kama vimehama vichache, angalia viko wapi vilivyobaki. Vikiwa vya ofisi, fedha na nyaraka, rudi hatua ya 2 na upunguze ukubwa wa kiporo. Vikiwa vile ambavyo kuna mtu mmoja unayemwogopa nyuma ya kila kimoja, rudi hatua ya 4 kabla ya nyingine yoyote, na safari hii ukae na mshauri nasaha kwa vikao vichache unapoifanya.